Kocha Aliyebaki Kessler

Aliyeingia Kessler kwa barabara ya magharibi, akishayapita maghala ya mahindi na kabla hajalifikia kanisa la Wacheki, alipokewa na bango la mbao: NYUMBANI KWA ARLYS KUBICEK. Lilisimamishwa mwaka 1978. Arlys mwenyewe kila alipolipita alijifanya anarekebisha kioo cha gari.

Si kwamba bango lilisema uongo. Arlys alikuwa mtoto wa pale pale, binti wa mkulima wa mahindi na nguruwe, mrefu hata mlango wa nyumba yao ulimlazimu kuinama tangu darasa la nane. Zamani hizo wasichana wa Iowa walikuwa na mpira wa kikapu wa kwao wenyewe: sita kwa sita, washambuliaji watatu upande huu, walinzi watatu upande ule, na asiwepo wa kuvuka mstari wa kati. Arlys alikuwa mshambuliaji. Ijumaa jioni, timu ya shule inapocheza, mwizi angeweza kuibeba Kessler nzima asipigiwe hata kelele, maana watu wote walikuwa ukumbini wakila mahindi ya kukaanga na kumtazama binti wa Kubicek akitumbukiza mipira kama mtu anayetupa nguo chafu kapuni.

Chuo kikuu kilimchukua kwa huo mpira. Huko walicheza watano, uwanja mzima, na huko akampata Bobbie Tillotson, msichana mfupi kutoka Davenport, mwenye mdomo usiofungika na mikono iliyodunda mpira bila kuutazama. Bobbie alitoa pasi, Arlys alifunga. Magazeti yakawaandika. Mwaka wao wa mwisho walifika kwenye mashindano makubwa ya taifa, mashariki huko, na ingawa walitolewa, waliporudi walipokewa kama maharusi.

Mwaka huo huo ilitangazwa ligi ya wanawake ya kulipwa, kitu ambacho nchi ile haikuwahi kukiona. Timu moja ya mashariki iliwaita wote wawili. Bobbie alianza kupanga nguo siku hiyo hiyo. Arlys alisema anakwenda nyumbani kwanza kuwaambia wazazi.

Alikuwa bado hajawaambia vizuri alipokuja bwana Merle Aldinger, mkuu wa shule za Kessler, akavua kofia mlangoni na kukaa jikoni. Mama yake Arlys alimwekea kahawa na mkate mtamu wa mbegu za mpopi.

"Arlys," alisema yule mzee, "kocha wetu wa wasichana amehamia Nebraska. Sasa, najua wakubwa wameshakuita, na mimi si mtu wa kumzibia mtoto njia. Nimekuja kuuliza tu, kama siku moja..."

"Nakubali," alisema Arlys.

"Hata sijamaliza kuuliza, mama."

"Nimeshakuelewa. Nakubali. Naanza lini?"

Mama yake akaweka sufuria chini, akajifuta macho kwa aproni. Baba yake, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alitoka nje kwenda kuwaambia nguruwe. Kufikia Jumapili mji mzima ulikuwa unajua: binti wa Kubicek ameukataa umaarufu, amechagua kwao. Padri alilitaja jambo hilo kwenye mahubiri. Seremala mmoja akaanza kutafuta mbao.

Bobbie alipiga simu.

"Shoga, umerogwa?"

"Kuna watoto huku wananihitaji, Bobbie."

"Watoto! Watoto hawaishi, shoga yangu, kila mwaka wanazaliwa wengine. Ligi ndiyo mpya. Sema kweli. Ni yule msichana wa jezi thelathini na mbili?"

Arlys alizungusha waya wa simu kidoleni. Katika mchezo ule wa mwisho kule mashariki alikabwa na msichana mmoja aliyemzidi kimo na kasi, ambaye alimpokonya mpira mara tatu mfululizo mbele ya watu wengi kuliko wote aliowahi kuwaona. Zilipofika dakika za mwisho Arlys alikuwa anapiga pasi mipira ambayo angepaswa kuifunga. Watazamaji walidhani ni ukarimu. Bobbie ndiye aliyekuwa anazipokea pasi hizo, na alizijua ni za nini.

"Nilijua," alisema Bobbie. "Basi nikwambie tatizo lako? Wewe hujawahi kuvuka mstari wa kati." Akakata simu.

Mcheza kwao hutuzwa, na Kessler ilimtuza. Haikuwa tuzo ya bure pia, maana Arlys alikuwa kocha wa kweli. Hakupiga makelele, alimfuata msichana aliyekosea hadi pale aliposimama, akamshika mabega, akamgeuza alipopaswa kuelekea. Alijua nani hajala asubuhi na nani wazazi wake wanagombana. Mwaka 1987 wasichana wake walilitwaa kombe la jimbo, na magari yaliyotoka kuwapokea yalikuwa mengi hata la kwanza lilikuwa limefika njia panda na la mwisho bado linatoka mjini, gari la zimamoto mbele likipiga king'ora. Usiku huo, akiwa amebebwa juu kwa juu na watoto wanaolia kwa furaha, Arlys hakutamani kuwa mahali pengine popote duniani. Hilo nalo lisemwe, kwa sababu ni kweli.

Hakuolewa. Wawili walimchumbia, lakini aliona wanamtaka pamoja na bango.

Ile ligi ya kulipwa ilikufa baada ya misimu mitatu. Bobbie alirudi Iowa na pua iliyopinda na visa vya mabasi mabovu, kumbi zenye baridi, na usiku mmoja wa Chicago alipomfunga yule yule wa jezi thelathini na mbili vikapu viwili vya ushindi. Akawa anauza bima Davenport. Walipatana, wakawa wanatembeleana. Bobbie alipokuwa akisimulia, Arlys alicheka panapochekesha, kisha akienda jikoni kuosha vikombe alijiambia: misimu mitatu tu. Ningekwenda na kurudi.

Alikuwa akijifariji kwamba kazi isingemngoja. Hata faraja hiyo akaja kunyang'anywa, na bwana Aldinger mwenyewe, kwenye chakula cha jioni cha kanisa, mzee ameshastaafu na anakula supu kwa mkono unaotetemeka.

"Wewe binti ulinishangaza siku ile," alisema. "Mimi nilikuja kukwambia nenda ukacheze, na ukichoka huko nafasi yako ipo. Mwalimu wa hesabu alikuwa amekubali kuishikilia timu hata miaka minne. Hukuniacha nimalize."

Arlys alimwongezea mkate, akamuuliza habari za mgongo wake.

Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Arlys hayakuwa na adabu hiyo. Yalikuwepo tangu jikoni siku ile, yamekaa mezani pamoja nao, yakimsubiri tu mzee amalize sentensi. Lakini mtu anaweza kuishi na majuto yake mwenyewe miaka mingi, akayalisha, akayazoea. Haya yalikuwa yake, hayakumdhuru mwingine. Hivyo ndivyo alivyoamini mpaka alipotokea Kendra Brandhorst.

Kendra alikuwa binti wa Loren Brandhorst, mfuga nguruwe aliyefiwa na mke mapema na kumlea mtoto peke yake. Alifika kwenye mazoezi ya Arlys akiwa na miaka kumi na minne, miguu mirefu isiyojua pa kwenda, na kabla ya mwaka kwisha Arlys alikuwa analala akiuwaza mchezo wake. Sheria zilikuwa zimeshabadilika, wasichana wa Iowa sasa wanacheza watano kama watu wengine. Kendra alikuwa na kila alichokuwa nacho Arlys, na kimoja zaidi: akipokonywa mpira alicheka, akamkimbilia aliyempokonya.

Alikwenda chuo kikuu kile kile. Alivunja rekodi za Arlys moja baada ya nyingine, na kila alipovunja moja alimpigia simu: "Kocha, samahani, nimekuondoa tena ukutani." Arlys alimjibu kwamba ukuta ule ulikuwa na baridi hata hivyo.

Mwaka 2006, Agosti, Arlys alikuwa kibarazani anamenya mahindi mabichi ya kugandisha, Kendra akaja na pikipiki ya baba yake. Alikaa kwenye ngazi, akachukua hindi moja, akaanza kumenya naye.

"Kuna timu Hungary wananitaka," alisema. "Mkataba wa mwaka. Wanatoa nyumba na nauli."

"Hungary."

"Nimeangalia kwenye ramani. Iko mbali, Kocha."

"Baba yako anasemaje?"

"Unamjua baba. Jana kaenda mjini kaninunulia sanduku. Hajasema kitu, kaliweka tu mlangoni." Alicheka kidogo. "La kahawia. Baya kweli."

Wakamenya. Nyuzi za mahindi ziliwaganda mikononi.

"Wewe ungefanyaje?" Kendra akauliza.

Baadaye Arlys alijaribu mara nyingi kukumbuka kama alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Alitamani iwe alinyamaza. Lakini alijijua: alijibu haraka, kama alivyomjibu Aldinger.

"Mimi nilishafanya," alisema. "Nilirudi. Na tazama, sijafa. Mwanangu, huko utakuwa mgeni tu, mchezaji wa kukodiwa, ukiumia wanakupandisha ndege. Hapa una watu. Nina nafasi ya msaidizi tangu sasa, na baada ya miaka michache mimi nakaa pembeni. Timu hii nitakuachia wewe. Nani mwingine nimwachie?"

Kendra alilitazama hindi alilolishika.

"Kweli unadhani niko tayari?"

"Ulizaliwa tayari."

Msichana akainuka, akamkumbatia, nyuzi za mahindi zikabaki mgongoni kwa Arlys. Pikipiki ikaondoka. Arlys alimaliza kapu lote akiimba, na katika kuimba huko kulikuwa na furaha ambayo hakutaka kuichunguza. Alikuwa amepata mwenzake. Na asingelazimika tena kukaa kando ya redio akisikiliza mwingine anakwenda kule alikoogopa yeye, na anarudi mzima.

Wiki ile alikutana na Loren dukani. Loren alivua kofia kama kawaida yake, lakini hakusimama kuzungumza.

Miaka mitano walifundisha pamoja. Kulikuwa na siku njema. Kendra aliwachekesha wasichana, aliwafundisha mbinu ambazo Arlys hakuzijua. Lakini mara nyingine mazoezi yakiisha alibaki ukumbini peke yake, na Arlys akiwa ofisini alisikia mpira ukidunda, kimya, ukidunda, kwa nguvu ambayo si ya mtu anayejiburudisha. Msimu wa nne, akiwaonyesha watoto namna ya kugeuka chini ya kikapu, goti la Kendra lilitoa sauti ambayo kila aliyekuwepo aliisikia. Alipasuliwa, akapona, akatembea vizuri. Kuruka hakuruka tena.

Kisha shule yenyewe ikafa. Haikuwa ajabu, mashamba yalikuwa yanaungana na kuwa makubwa, watu wanapungua, darasa la kwanza lilikuwa na watoto tisa. Bodi ilipiga kura Kessler iunganishwe na mji wa jirani. Jengo jipya likajengwa katikati ya mahindi, mahali ambapo si kwao wala si kwetu, timu ikapewa jina jipya na rangi ambazo hakuna aliyezipenda. Mji wa jirani ulikuwa na kocha wake wa wasichana, kijana, mwenye watoto wawili. Akapewa yeye. Arlys alipewa saa ya ukutani na keki. Kendra hakupewa kitu, maana msaidizi hana cha kupewa.

Alihama. Alipata kazi kwenye kiwanda cha kufungasha mayai karibu na Waterloo, akawa msimamizi wa zamu. Aliaga vizuri. Hakulaumu, na hilo ndilo lililomkosesha Arlys usingizi.

Msimu wa kwanza bila timu, Arlys alikuwa anakunywa kahawa mgahawani, Loren Brandhorst akaja kukaa meza yake. Hakuwa amefanya hivyo tangu Agosti ile. Alikoroga kahawa yake muda mrefu, ingawa hakutia sukari.

"Lile sanduku bado lipo," alisema.

"Loren..."

"Paka anazalia humo. Sanduku zuri, lina magurudumu." Alimtazama. "Mimi sikusoma, Arlys. Sikujua nimwambie nini mtoto. Nikasema nikinunua sanduku ataelewa. Nilidhani wewe ndiye utakayemsemesha, wewe ndiye uliyefika huko. Kumbe nawe hukufika."

Alikunywa kahawa yake yote, akalipia vikombe vyote viwili, akatoka.

Jumatano iliyofuata Arlys aliendesha gari hadi Waterloo. Alimkuta Kendra saa ya chakula cha mchana, amevaa kofia ya wavu na buti nyeupe, ameketi kwenye benchi la nje na sandwichi ya nyama ya nguruwe. Alipomwona Arlys alisogea kumpa nafasi, kama zamani kwenye benchi la wachezaji.

"Nani amekufa?" Kendra akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kusema kitu." Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno, na sasa hayakuwepo. "Mimi sikurudi Kessler kwa kuipenda. Naipenda, lakini sikurudi kwa ajili hiyo. Niliogopa. Kuna msichana alinikaba mchezo mmoja, nikaona huko mbele wote watakuwa kama yeye. Watu wakaniita shujaa, nikaacha waniite. Halafu wewe ulipokuja kuniuliza..."

"Najua, Kocha."

"Hujui. Sijawahi kumwambia mtu."

"Bobbie aliniambia. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni. Alikuwa amekunywa bia tatu." Kendra alikata sandwichi, akampa nusu, Arlys akaipokea bila kujua anaipokea. "Nilijua yote kabla ya Hungary."

"Basi kwa nini ulinisikiliza?"

Kendra alitafuna, akatazama malori yaliyokuwa yanapakia.

"Bobbie angeniambia nenda. Baba alishaniambia, na sanduku lake. Nilizunguka nikimtafuta mtu wa kuniambia nikae, na nilijua nyumba yake. Mimi pia niliogopa, Kocha. Wewe ulidhani mimi siogopi kwa sababu nacheka."

Arlys alihisi kitu kikilegea kifuani, kitu kama unafuu, na labda kilionekana usoni, maana Kendra alimgeukia ghafla.

"Lakini hilo halikutoi hatiani. Usije ukaondoka hapa umefurahi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wewe ulikuwa mtu mzima, ulijua hiyo hofu inafananaje kwa sura, ulikuwa umeishi nayo. Ungeniona tu ungejua. Ungenikatalia." Sauti yake ilipungua. "Nilikuwa nusu natumaini utanikatalia."

"Niliona," alisema Arlys.

Alikuwa hajawahi kulisema hilo hata moyoni. Alikuwa ameiona hofu ile pale kibarazani, kwenye vidole vilivyokuwa vinamenya hindi lililokwishamenywa. Aliiona, akaitambua, na akaikaribisha ndani.

Kendra alimaliza nusu yake ya sandwichi, kengele ya zamu ikalia. Akainuka, akaweka kofia vizuri.

"Asante kwa kusema kweli," alisema. "Njoo tena ukipata nafasi. Ila usije kwa ajili ya haya. Njoo tule tu."

Arlys alikwenda tena, mara chache kwa mwaka. Walizungumza habari za Loren, za barafu, za bei ya mayai. Mpira hawakuugusa. Kisha Kendra akapata kazi Oregon, akahama na mwanamume mpole aliyetengeneza mitambo ya majokofu, na mazungumzo yao yakawa ya simu siku za Krismasi. Sauti yake ilikuwa nzuri. Arlys hakuthubutu kuuliza kama ana furaha.

Tangu siku ya Waterloo, Arlys aliacha kumshauri mtu. Wazazi wa shule mpya walimjia, wachezaji walimjia, bado wakimwita Kocha, naye aliwajibu kwa tabasamu kwamba mambo hayo amestaafu. Aliona ni adabu. Aliona ndiyo malipo yaliyomfaa.

Majira moja ya kuchipua alikuwa anachagua vitunguu dukani, msichana mrefu wa timu ya shule mpya akamsogelea. Arlys alikuwa amemwona akicheza, alikuwa na mkono mzuri.

"Kocha Kubicek, naomba nikuulize. Nimepata vyuo viwili. Kimoja hapa karibu, kila wiki nakuja nyumbani. Kingine North Carolina." Alikuwa anavuta uzi kwenye mkono wa sweta lake, anauvuta, anauvuta. "Mama anasema hiki cha karibu ndicho cha busara. Wewe ungefanyaje?"

"Mwanangu," alisema Arlys kwa upole, "mimi si mtu wa kuulizwa hilo. Mtafute mwingine."

"Sawa, Kocha. Asante." Msichana akaenda kulipa.

Arlys alibaki na kitunguu mkononi. Alikuwa ameuona ule uzi wa sweta. Alikuwa ameuona tangu mwanzo. Akaweka kitunguu, akaacha kigari chake katikati ya njia, akatembea, kisha akakimbia kwa magoti yake ya uzee hadi nje. Gari la msichana lilikuwa limeshatoka, linaishia barabarani upande wa mashambani, na yeye hakulijua hata jina lake la ukoo ili apate kumtafuta.

Kwa mji mdogo kama ule lisingekuwa jambo gumu kuliuliza. Angeweza kumuuliza mwenye duka. Alirudi ndani, akamkuta mwenye duka ana foleni ya watu, akajiambia kesho. Mwezi wa tano gazeti la wilaya lilichapisha picha za wahitimu na vyuo wanavyokwenda. Msichana yule alikuwa safu ya pili, anacheka, na chini ya jina lake kimeandikwa chuo cha karibu.